Gurudumu la Mlimani Huchaguliwa kwa Mteremko

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama chetu na mmoja wa wahitimu wa zamani, ambaye kazi yake ni ufundi wa baiskeli. Yanachapishwa kwa ombi la wanachama.)



Katika mikutano iliyopita tumewasikiliza madaktari, mahakimu na wachumi waliotoka katika madarasa haya. Leo Kamati imeona vema kumsimamisha fundi wa baiskeli. Nami sikuona sababu ya kukataa, maana hakimu hata awe hodari namna gani, pancha haizibwi kwa hukumu.

Jambo lililoniita hapa ni hili. Mwaka huu tumechanga fedha za kuwasaidia vijana wa chama cha baiskeli hapa shuleni. Wanazo baiskeli kumi za mbio, zote za mtumba, na magurudumu yake yamechakaa. Kamati imeletewa mapendekezo mawili. La kwanza ni kununua jozi mbili za magurudumu mepesi ya kaboni, wapewe vijana wawili wenye mbio kuliko wenzao, ili jina la shule lipande pamoja nao mlimani. La pili ni kuzitumia fedha zile zile kuzivisha baiskeli zote kumi magurudumu ya alumini ya bei nafuu. Nimeombwa niseme lipi ni la busara.

Nitasema fikra zangu waziwazi, kisha nitatoa sababu, nanyi mtapima. Fikra zangu ni kwamba gurudumu la kupandia mlima lisichaguliwe kwa kupanda peke yake. Lichaguliwe kwanza kwa kuteremka. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, nao hawakusema atashukaje. Hilo wametuachia sisi mafundi.

Tuanze na uzito, maana ndio unaotangazwa kuliko mambo yote. Muuzaji atawaambia kwamba gramu moja iliyopunguzwa katika gurudumu ni sawa na gramu mbili zilizopunguzwa kwingineko, kwa kuwa gurudumu huzunguka. Maneno hayo ni kweli nusu. Ni kweli pale mtu anapoongeza mwendo ghafla, kama mwishoni mwa mbio, kwani hapo rimu inasukumwa mbele na papo hapo inazungushwa kwa kasi mpya. Lakini mtu anayepanda mlima mrefu haongezi mwendo ghafla. Huenda mwendo ule ule, dakika baada ya dakika, mpaka jasho limtoke machoni. Kwa mwendo wa namna hiyo gramu ya gurudumu ni gramu tu. Haizidi gramu ya fremu, wala ya kiatu, wala ya tumbo.

Vijana wa fizikia, chukueni kalamu. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, ambayo wengi wetu tuliipanda tukiwa juu ya magunia katika malori, ina urefu wa karibu kilomita 33, nayo hupanda karibu mita 1,000. Tuseme kijana, pamoja na baiskeli, viatu na maji yake, ana kilo 80. Kazi ya kuziinua kilo 80 mita 1,000 ni 80 mara 9.8 mara 1,000, yaani jouli 784,000. Sasa jozi ya magurudumu ya alumini ya bei nafuu huwa na kilo 1.9 hivi. Jozi nyepesi ya kaboni huwa na kilo 1.4 hivi. Tofauti yake ni nusu kilo. Kuinua nusu kilo mita 1,000 ni jouli 4,900. Gawanyeni wenyewe mtaona kwamba haifiki hata sehemu moja katika mia.

Maana yake nini kwa saa ya mkononi? Kijana anayepanda njia hiyo kwa saa moja na dakika arobaini ataokoa nusu dakika hivi. Nusu kilo ni nusu lita ya maji. Kijana huyo atakuwa ameyanywa maji hayo kabla hajayaona maporomoko ya Soni, na hatalipia hata senti.

Sisemi kwamba nusu dakika si kitu. Kwa mabingwa wa dunia nusu dakika ni kitu kikubwa, maana wanaoshindana wamelingana kwa kila jambo jingine. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, nchini Rwanda, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267.5, wakapanda jumla ya zaidi ya mita 5,000 katika vilima vya mji ule, naye Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Mtu wa daraja hiyo ana haki ya kuhesabu gramu. Hata hivyo, chama cha baiskeli cha dunia, UCI, tangu mwaka 2000 kimeweka kanuni kwamba baiskeli ya mbio za barabarani isipungue kilo 6.8. Basi hata mabingwa wamewekewa ukomo wa wepesi. Sisi ambao baiskeli zetu za mtumba zina kilo tisa na kumi, tuna mambo mengine ya kutengeneza kabla ya kufika huko.

Jambo la kwanza kati ya hayo ni tairi. Tairi linapobonyea chini na kuinuka tena hula nguvu. Tairi gumu la bei ya chini, lenye mpira mnene na nyuzi nzito, hula nguvu karibu mara mbili ya tairi zuri laini. Kwa kilo zetu 80, tofauti ya tairi baya na tairi zuri yaweza kufika nyutoni moja na nusu za kumvuta kijana nyuma, tena kila mita, kwa kilomita zote 33. Zidisheni: ni karibu jouli 50,000. Linganisheni na zile 4,900 za kaboni. Ni mara kumi! Badala ya nusu dakika, kijana ataokoa dakika tatu au nne. Na matairi mawili mazuri bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya jozi moja ya kaboni.

Hapa nataka kuondoa dhana moja. Vijana wengi hupenda tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa kama jiwe, wakidhani ndilo lenye mbio. Katika barabara laini kama kioo huenda ikawa hivyo. Katika barabara zetu, zenye viraka na kokoto, tairi gumu hurukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea. Tairi la milimita 28, kama fremu na breki zina nafasi ya kulipitisha, ni bora kuliko la milimita 23. Hupanda vema, hushika barabara wakati wa kuteremka, na hupata pancha chache. Mtu mwepesi atie upepo kidogo kuliko mtu mzito. Pampu ya kuazima kwa jirani, ijazwayo mpaka mkono uchoke, si kipimo.

Jambo la pili ni gia. Mtaniuliza gia zinahusianaje na magurudumu. Zinahusiana sana, maana gurudumu la nyuma ndilo linalozibeba. Zamani za kale kuchagua gurudumu na kuchagua gia kulikuwa jambo moja. Mbio za Tour de France zilipopelekwa katika milima mirefu ya Pyrenees kwa mara ya kwanza, mwaka 1910, mtambo wa kuhamisha mnyororo haukuruhusiwa. Miaka mingi waendeshaji walikuwa na gurudumu la nyuma lenye gia moja upande huu na nyingine upande ule. Wakifika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza, wakaendelea. Wakifika kileleni walishuka tena na kuligeuza kwa ajili ya mteremko. Mtambo wa kuhamisha mnyororo uliruhusiwa katika mbio hizo mwaka 1937. Wazee wale hawakushuka katikati ya mbio ili wapate gurudumu jepesi. Walishuka ili wapate gia nyepesi, kwani walijua goti la mtu lina mwisho wake.

Baiskeli nyingi za mtumba tuzipatazo zilitengenezwa kwa ajili ya nchi tambarare au kwa watu wenye miguu ya chuma. Mbele gia ndogo ina meno 39, na nyuma gia kubwa ina meno 25. Kijana akizungusha pedali mara 70 kwa dakika, baiskeli hiyo inamdai mwendo wa karibu kilomita 14 kwa saa. Katika kona zilizosimama juu ya Mombo hawezi. Basi atasimama juu ya pedali, atayumba, atachoka, atashuka. Mbadilishieni mbele iwe meno 34 na nyuma iwe meno 32. Kwa mzunguko ule ule wa miguu atakwenda karibu kilomita tisa na nusu kwa saa, naye atapanda ameketi, akipumua. Tazameni tu kwamba mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo una urefu wa kutosha gia hiyo kubwa, na mnyororo urefushwe ipasavyo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, hesabu ya kupanda imekwisha. Gia kwanza, tairi la pili, uzito wa rimu nyuma kabisa. Sasa tumefika kileleni, tumekunywa chai, nasi tunageuza baiskeli kuelekea chini.

Zile jouli 784,000 zilizowekwa mlimani kwa jasho hazikupotea. Zinakungoja. Ukiteremka zinarudi zote, na lazima ziende mahali. Baadhi zitachukuliwa na upepo, baadhi na matairi, na zilizobaki zitachukuliwa na breki kwa njia ya moto. Tuseme kijana wetu wa kilo 80 anateremka mahali penye mteremko wa mita 8 kwa kila mita 100, naye anajizuia asizidi kilomita 30 kwa saa. Mlima unamsukuma kwa nguvu ya wati 500 hivi. Upepo na matairi vitachukua kiasi, lakini wati zaidi ya 300 zitabaki mikononi mwa breki. Pasi ya umeme ya nyumbani huwa na wati kama 1,000. Basi fikirini theluthi ya pasi ikiwaka ndani ya rimu mbili nyembamba, dakika baada ya dakika, na katikati yake umekaa mpira uliojaa upepo.

Rimu ya alumini huupokea moto huo na kuueneza upesi, upepo ukaupoza. Rimu ya kaboni ni nyuzi zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Haienezi moto vizuri, na gundi ile ikipita kiwango fulani cha joto hulainika. Viwanda vikubwa hutumia gundi inayovumilia joto kali, na hupima rimu zao kabla ya kuziuza. Gharama hiyo ndiyo inayozipandisha bei. Rimu ya kaboni isiyo na jina, inayouzwa kwa bei ya kutupa, imepunguzwa mahali fulani, na mara nyingi ni mahali pasipoonekana kwa macho. Ikilainika mlimani, ukingo wake hufura, tyubu hupasuka au tairi huchomoka. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya cha siku hizi hujitembeza kwa picha nzuri sana.

Kijana mmoja alikuja katika karakana yangu na jozi ya namna hiyo, iliyotumika kuteremkia mara chache tu. Nilipita kidole juu ya ukingo wa rimu ya mbele, mahali breki zinaposhika, nikakuta uvimbe wa urefu wa kidole changu. Yeye alidhani rimu imepinda, akaniomba niinyooshe kwa kukaza spoki. Rimu ya namna hiyo hainyooshwi. Nilimwomba aniachie, akakubali shingo upande. Ingali imetundikwa ukutani kwangu, na kila kijana anayeniulizia kaboni ya bei rahisi humwambia aipapase kwanza.

Mtu asiseme kwamba nalaani kaboni yote. Katika baiskeli yenye breki za diski, moto hauendi katika rimu bali katika sahani ya chuma iliyo karibu na habu. Huko rimu ya kaboni haina hatari hiyo niliyoitaja. Lakini baiskeli zetu kumi zote ni za breki za rimu, na magurudumu ya diski hayafai kuvishwa humo. Tunazungumza juu ya baiskeli hizi tulizo nazo.

Nitatoa mfano mmoja wa kuonyesha kwamba mteremko hauheshimu cheo. Tarehe 14 Julai 2003, katika Tour de France, Joseba Beloki wa Hispania alikuwa wa pili katika msimamo. Siku hiyo jua lilikuwa kali, lami imelainika. Akiteremka kuelekea mji wa Gap gurudumu lake la nyuma liliteleza, tairi likatoka katika rimu, naye akatupwa chini. Alivunjika mfupa wa paja, kiwiko na kifundo cha mkono. Lance Armstrong, aliyekuwa nyuma yake, aliponea kwa kukata shamba. Mtu huyo alikuwa na mafundi, magari na vifaa bora vya wakati wake. Sikusema haya kuwatisha vijana. Nimesema ili tukubaliane kwamba fedha zetu zianze mahali palipo na uhai wa mtu.

Sasa nije kwenye ununuzi wenyewe. Nitawapa mambo ya kutazama, nanyi vijana muyaandike, maana wengine wenu mtanunua kwa fedha zenu siku moja.

Kwanza, kipimo. Usinunue kwa kusikia neno "inchi 28." Baiskeli kubwa za mizigo tulizokua nazo, zile zenye spoki 32 mbele na 40 nyuma, huitwa inchi 28, na rimu yake hupimwa milimita 635. Baiskeli ya mbio huitwa 700, na rimu yake ni milimita 622, lakini wako wauzaji wanaoiita nayo inchi 28. Tairi la hii halivai ile. Tazama namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mathalani 28-622. Namba ya kwanza ni unene, ya pili ni rimu.

Pili, upana wa uma wa nyuma. Baiskeli ya mbio ya breki za rimu kwa kawaida ni milimita 130. Pima kwa rula kabla ya kwenda dukani. Kadhalika tazama ngoma inayobeba gia, kwa kuwa ngoma ya gia 11 ni ndefu kidogo kuliko ya gia 10. Ngoma ndefu yaweza kuvaa gia 10 kwa kuongezwa pete nyembamba, lakini ngoma fupi kwa kawaida haivai gia 11 za barabarani.

Tatu, spoki. Matangazo husifu gurudumu lenye spoki chache. Mimi nawaambia, kwa barabara zetu, chukueni spoki 28 au 32. Gurudumu la spoki 32 likikatika moja litayumba, lakini litakufikisha nyumbani. La spoki 20 likikatika moja huenda likagusa fremu likagoma. Halafu chagueni spoki za kawaida zenye kichwa kilichokunjwa, ambazo fundi yeyote anazo au anaweza kuzipata. Gurudumu lenye spoki za namna yake peke yake likivunjika Lushoto litangoja mzigo kutoka ng'ambo.

Nne, habu. Nyanyua gurudumu, shika ekseli kwa vidole na uizungushe taratibu. Kama inakwaruza, gololi au njia zake zimeliwa. Ishike rimu uitikise kulia na kushoto. Kama inacheza, yahitaji kukazwa. Habu za gololi na koni, zinazofunguka kwa spana na kutiwa grisi, ni rafiki wa maskini. Zikitunzwa hudumu miaka mingi.

Tano, na hili kwa magurudumu ya mtumba ni kubwa kuliko yote, ukuta wa rimu. Breki huila rimu kidogo kidogo, hasa penye mvua na mchanga. Rimu nyingi huwa na mfereji mwembamba au kidoa cha alama pale breki zinaposhika. Alama ikifutika, rimu imekwisha, hata kama inang'aa. Isipokuwa na alama, weka rula imesimama juu ya ukuta huo. Ukiona mwanga chini yake katikati, ukuta umeliwa ukawa kama bakuli. Rimu hiyo msiichukue hata mkipewa bure, kwani upepo wa tairi huisukuma kwa ndani siku zote, na siku itakayochagua kupasuka ni siku ya breki kali. Tazama pia matundu ya spoki. Ufa mdogo kama unywele kandokando ya tundu ni mwisho wa rimu.

Sita, sauti. Piga spoki kwa ukucha, kama mpiga zeze. Za upande mmoja zilie sauti moja, au zikaribiane. Gurudumu la nyuma upande wa gia hukazwa zaidi, basi sauti yake itakuwa juu kuliko upande wa pili, na hiyo si kasoro. Spoki inayolia kama kamba iliyolegea, au isiyolia kabisa, ndiyo itakayoziua zenzake.

Mwisho, vitambaa vya breki. Viwe vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya rimu ya alumini. Kila juma vifunguliwe, vichokolewe chembe za mchanga na vipande vya chuma vilivyonasa, maana hivyo ndivyo vinavyoila rimu. Na katika kuteremka, vijana, msikae mmezikamata breki kilomita nzima. Punguzeni mwendo kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, kisha achieni mpite, rimu ipate kupoa. Kona hupitwa kwa macho na kwa akili, breki zimekwisha fanya kazi yake.

Ndugu Mwenyekiti, narudi katika swali la Kamati. Naunga mkono pendekezo la pili, pamoja na nyongeza mbili. Tununue jozi kumi za alumini, za spoki 28 au 32, zenye habu za kufunguka. Nyongeza ya kwanza: fedha zitakazobaki ziende katika matairi mazuri na gia za mlimani, hata ikibidi rimu ziwe za daraja la chini kidogo. Nyongeza ya pili: zinunuliwe spoki za akiba, funguo za spoki, na kiunzi kimoja cha kunyooshea magurudumu, viwekwe katika karakana ya shule.

Najua yatasemwa maneno. Mwenzetu mmoja aliniambia mlangoni, "Fundi, ukigawa kwa kumi hatutapata bingwa." Nilimjibu kwamba bingwa hajulikani kabla hajapanda. Katika vijana hawa kumi yupo ambaye leo ni wa nane kwa sababu gia yake haimfai na tairi lake ni gumu kama mpini. Tukiwapa wawili kaboni, huyo wa nane atabaki wa nane mpaka amalize kidato cha sita, naye atakwenda zake akiamini kwamba hana miguu. Isitoshe, wale wawili watateremka juu ya rimu ambazo mimi, kwa fedha tulizo nazo, siwezi kuzithibitisha. Nikiwa mzazi wa mmoja wao nisingelala.

Na ninyi vijana, sehemu yenu ipo. Magurudumu haya mkiyapokea tu, yatakwisha kama yalivyokwisha ya zamani. Nitakuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika muhula ujao, na kila mmoja wenu atafungua gurudumu lake mpaka libaki habu, rimu na rundo la spoki, kisha atalifunga upya kwa mikono yake. Siku ya kwanza litayumba kama mlevi. Siku ya tatu litakwenda sawa. Mtu aliyelifunga gurudumu lake mwenyewe hulisikia likibadili sauti kabla halijavunjika, na kijana wa namna hiyo mzazi wake anaweza kulala.

Kama Mkuu wa Shule ataturuhusu, naomba Jumamosi ya kwanza iwe ni ya kuzipima rimu zile za zamani kwa rula, moja moja, na zile zilizoliwa zikatwe kwa msumeno siku hiyo hiyo, mbele ya wote, asije mtu akazirudisha kwenye baiskeli kwa huruma.